Je, Wajua? Ladha ya Kahawa Huanzia Sokoni Tandika

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya kile unachokiita ladha ya kahawa hukipati kwa ulimi? Ulimi hutambua mambo matano tu: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama ambao mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliutenga mwaka 1908 na kuuita umami. Mengine yote, iwe chungwa, asali, moshi, karanga au udongo ulionyeshewa, hupanda puani kupitia nyuma ya koo. Jaribu leo. Bana pua, piga funda la kahawa, limeze, kisha achia. Pua ikiwa imebanwa utapata uchungu na uchachu, basi. Ukiiachia, ndipo kahawa yenyewe inapofika.

Je, wajua ile picha ya ulimi tuliyochorewa darasani, utamu nchani na uchungu nyuma kabisa, si ya kweli? Chanzo chake ni kipimo cha Mjerumani David Hänig cha mwaka 1901. Aliona tofauti ndogo sana kati ya sehemu na sehemu ya ulimi. Waliomfuata wakazikuza tofauti hizo hadi zikaonekana kama mipaka ya wilaya. Kila sehemu ya ulimi yenye vinundu vya ladha huonja ladha zote. Ndiyo maana mwonjaji wa kahawa huieneza kinywani kote kabla hajasema neno.

Je, wajua buni mbichi hainuki kahawa hata kidogo? Inanuka majani makavu, au njegere zilizomenywa. Ni moto wa karibu nyuzi 200 za Selsiasi unaozaa harufu tunayoijua, na ndani yake wataalamu wamehesabu kemikali zaidi ya 800 zinazopaa.

Na je, wajua moto huohuo ukizidi huifuta asili ya kahawa? Hapa tusimame kidogo, maana ndipo kilipo kijiwe chetu. Kahawa ya Magomeni, ya Manzese, ya Mbagala Rangi Tatu, ile ya birika juu ya jiko la mkaa na kashata pembeni, mara nyingi hukaangwa mpaka iwe nyeusi ing'ae mafuta, ikatwangwa, ikachemshwa muda mrefu, ikatiwa tangawizi. Ni kinywaji kamili, naye anayekipika ana ufundi wake: anajua moto, anajua kipimo, anajua nani anataka kali na nani anataka nyepesi. Lakini kikombe kile kimeundwa ili uonje moto na tangawizi. Shamba lilikotoka lile tunda, mwinuko wake, udongo wake na namna lilivyokaushwa havisikiki tena. Anayetaka kuijua kahawa ya eneo moja hana budi kuitafuta iliyokaangwa rangi ya hudhurungi, ainywe kwanza bila sukari na bila kiungo. Akishaijua, atie atakacho.

Je, wajua kafeini si chanzo kikuu cha uchungu wa kahawa? Mwaka 2007 kundi la watafiti wa Ujerumani likiongozwa na Thomas Hofmann lilionyesha kwamba uchungu mwingi hutokana na kemikali zinazoundwa wakati wa kukaanga. Kwanza huja za uchungu mwororo. Ukiendelea kukaanga, hizo huvunjika na kuzaa nyingine zenye uchungu mkavu unaogoma kutoka mdomoni. Kwa hiyo mtu anayesema haipendi kahawa kwa sababu ni chungu, huenda hajaonja bado kahawa iliyoepuliwa mapema.

Je, wajua watu wawili wanaweza kunywa birika moja wakaonja vitu tofauti, na wote wakawa wa kweli? Mwaka 1931 mkemia wa Marekani, Arthur Fox, aligundua kwamba unga fulani ulikuwa mchungu mno kwa mwenzake ilhali yeye hakuonja chochote. Baadaye ikajulikana ni suala la kurithi. Basi msigombane kijiweni.

Je, wajua arabika na robusta ni jamaa wa damu? Arabika ilizaliwa kwa kuchanganyika kwa robusta na mbuni mwingine wa porini uitwao eugenioides, ambao makazi yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na Kati. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ni nzito zaidi kinywani, ina uchungu zaidi na uchachu kidogo. Hapa kwetu robusta karibu yote inatoka Kagera. Na wale wanaoidharau robusta wakumbuke jambo hili: uso wa Ziwa Viktoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hakuna shamba la Bukoba lililo chini ya hapo. Nchi nyingi zinazolima robusta huilima chini zaidi, kwenye joto. Robusta ya Kagera iliyochumwa ikiwa mbivu na kukaushwa vizuri ina kakao, ina karanga, ina uzito unaotulia ulimini. Ikichumwa kijani na kuanikwa chini kwenye vumbi, itaonja vumbi.

Je, wajua Wahaya walikuwa wakiijua kahawa karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuwaletea kikombe? Walichuma tunda la robusta, wakalichemsha na majani yenye harufu, wakalikausha, wakalitafuna. Mgeni alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, na udugu wa kuchanjiana ulifungwa kwayo. Bado inatafunwa leo.

Je, wajua arabika ya Kilimanjaro ilipitia pwani? Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walileta mbegu kutoka kisiwa cha Réunion, zamani kikiitwa Bourbon, wakaziotesha Bagamoyo, mwisho wa barabara inayokata Tegeta na Bunju. Kutoka huko miche ilipanda mlimani, na Kilema inatajwa kuwa ndiko kahawa ilikoanza kupandwa, mwaka 1898. Joto la Bagamoyo halikuifaa arabika. Baridi ya mlimani iliifaa. Kwenye baridi tunda huiva polepole, punje inakuwa ngumu na nzito, na sukari na asidi zake hujengeka vizuri. Ndiyo sababu pakiti nzuri huandikwa mwinuko wa shamba. Ukiona mita 1,600 zimeandikwa, tarajia uchachu ulio hai.

Je, wajua wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu 1925? Kilianza kama KNPA, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kikafuatwa na KNCU, mojawapo ya vyama vya ushirika vya zamani zaidi Afrika, ambacho kipo hadi leo.

Je, wajua kahawa inayouzwa Tokyo kwa jina la Kilimanjaro inaweza kuwa imelimwa Mbinga? Kwa kanuni za biashara ya kahawa za Japani, jina hilo hupewa arabika yoyote ya Tanzania iliyooshwa, isipokuwa ya Bukoba. Na mchanganyiko unaweza kubeba jina hilo ukiwa na asilimia 30 tu ya kahawa hiyo. Jina limeuza sana, nalifurahia. Ila Mbinga ya Ruvuma na Mbozi ya Songwe ndizo leo zinazotoa sehemu kubwa ya arabika yetu, na zinastahili kujulikana kwa majina yao.

Je, wajua kahawa inayopigiwa mnada kwa bei za kushangaza duniani iliwahi kuishi Lyamungu? Hii ndiyo habari ninayoipenda kuliko zote humu. Mbegu za Gesha zilikusanywa kwenye misitu ya Ethiopia miaka ya 1930, zikapelekwa kwenye kituo cha utafiti cha Lyamungu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro juu ya Moshi. Kutoka Lyamungu zikavuka bahari hadi kituo cha CATIE, Costa Rica, mwaka 1953, zikasajiliwa kwa namba T2722. Baadaye zikafika Panama. Zikakaa huko miaka mingi bila mtu kuzitazama, kwa sababu matawi yake huvunjika upesi na mavuno yake si mengi. Mwaka 2004 familia ya shamba la La Esmeralda iliitenga kahawa ya miti hiyo na kuipeleka peke yake kwenye mashindano ya Panama. Waonjaji walipigwa na butwaa: asumini, bergamoti, uchachu mwepesi kama wa chai nzuri. Iliuzwa dola 21 kwa ratili, bei ambayo haikuwahi kusikika kwenye mnada wa aina ile. Lyamungu ipo palepale. Tangu 2001 ni makao ya TaCRI, taasisi yetu ya utafiti wa kahawa. Mbegu ilipita mikononi mwetu, na kilichoipa thamani kilikuwa ulimi wa mtu aliyeionja peke yake bila kuichanganya na nyingine. Kwa hiyo kujifunza kuonja si anasa ya watu wa Masaki.

Je, wajua pale Moshi, kwenye Bodi ya Kahawa Tanzania, kuna watu ambao kazi yao ni kuonja? Kahawa iendayo mnadani huonjwa kwanza. Meza yao haina siri, na unaweza kuiiga jikoni kwako Sinza au Mtoni Kijichi. Kipimo kinachofuatwa na waonjaji wengi duniani ni gramu 8.25 za kahawa kwa mililita 150 za maji. Kwa bilauri ya mililita 200 hiyo ni gramu 11, yaani takriban vijiko viwili vya mezani vilivyofutwa. Saga kwa chembe za wastani, si unga. Nusa ikiwa kavu. Mimina maji ya nyuzi 93, ambayo ni maji yaliyochemka na kuepuliwa kwa dakika moja hivi, moja kwa moja juu ya kahawa, wala usichuje. Subiri dakika nne. Utando utakuwa umejengeka juu. Inamisha pua karibu, uvunje utando kwa nyuma ya kijiko; harufu inayotoka wakati huo ndiyo kali kuliko zote, usiikose. Engua povu, acha kahawa ipoe kidogo, kisha chota kwa kijiko na uifyonze kwa nguvu na kwa sauti. Ndiyo, kwa sauti. Kelele ile, ambayo mama angekukemea kwayo mezani, ndiyo inayoitawanya kahawa mdomo mzima na kuipeleka puani.

Je, wajua kahawa ya moto mno haionjeki? Waonjaji huanza ikishuka hadi karibu nyuzi 70, wanarudi kwenye kikombe kilekile tena na tena, na utamu wanaupima ikiwa imefikia joto la mwili au chini yake. Kasoro nazo hujitokeza hapo. Kahawa mbaya ikipoa hukimbiwa. Nzuri huzidi kuwa tamu. Tena, Juni 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitaja vinywaji vinavyonywewa vikiwa juu ya nyuzi 65 kuwa huenda vinasababisha saratani ya umio. Subira hapa ina faida mbili.

Je, wajua kikombe cha kahawa nyepesi ni maji kwa zaidi ya asilimia 98? Mkazi wa Temeke anayetumia maji ya kisima yenye chumvi na jamaa yake wa Kinondoni anayepata ya DAWASA kutoka Ruvu wanaweza kununua pakiti moja na wakanywa kahawa mbili. Maji magumu, yenye chokaa nyingi, huua uchachu. Kahawa ya Kilimanjaro iliyokuwa na ndimu inageuka kuwa bapa, kama chaki. Maji yasiyo na madini kabisa nayo huifanya iwe kali na tupu. Ukiwa unalinganisha kahawa, tumia maji ya chupa ya aina moja kwa vikombe vyote. Dawa ya klorini nayo ina harufu, na harufu hiyo hupungua maji yakichemshwa bila mfuniko.

Sasa tuje kwenye maneno, maana hapa ndipo wengi hukata tamaa.

Je, wajua duara maarufu la ladha za kahawa lilitengenezwa Marekani mwaka 1995, likafanywa upya mwaka 2016? Toleo jipya lilijengwa juu ya kamusi ya ladha 110 iliyoandaliwa na World Coffee Research, na mifano mingi ya kamusi hiyo ni bidhaa za maduka ya Marekani. Mtu wa Yombo Vituka akisoma kwamba kahawa hii ina ladha ya beri za bluu anajiona hana ulimi. Ulimi anao. Ambacho hajawahi kukutana nacho ni hilo tunda. Kuonja ni kukumbuka, na huwezi kukumbuka usichowahi kula.

Nasema hivi kwa moyo wote: mtu aliyekulia karibu na soko la Tandika, la Tandale au Temeke Stereo ana hazina ya ladha ambayo wengi wangeililia. Nenda sokoni kama mwanafunzi. Nunua ndimu, chungwa, ukwaju na embe bichi. Kamua kila kimoja kwenye maji kidogo, uonje kimoja baada ya kingine: vyote ni vichachu, wala hakuna kinachofanana na mwenzake. Ndimu inachoma na kupita haraka. Asidi yake, ya sitriki, imo pia ndani ya kahawa. Ukwaju unabaki pembeni mwa mashavu. Ongeza glasi yenye tone la siki, maana uchachu wa namna hiyo kwenye kahawa mara nyingi unaonyesha kwamba ilichachuka kupita kiasi kabla ya kuoshwa. Ikizidi zaidi hunuka kama mnazi uliolala.

Kisha nunua vya kunusa. Karafuu, iliki, mdalasini. Sukari guru na sukari nyeupe, uone utamu usio na harufu na utamu wenye harufu. Tende na zabibu kavu, kwa ajili ya kahawa zilizoanikwa na tunda lake. Karanga mbichi na za kukaanga. Choya, kwa uchachu mwekundu. Kikuba cha asumini, ukikipata. Usisahau harufu mbaya: gunia la katani la zamani, maana kahawa iliyokaa mno stoo kwenye unyevu wa Dar es Salaam hunuka hivyo hasa; kuni mbichi; kitambaa kilichokauka vibaya. Funga macho, mwenzako akupe kimoja kimoja, utaje jina. Mwanzoni utasema tu najua hii, najua hii, na jina halitoki. Hilo humpata kila mtu, na huisha kwa kurudia. Baada ya hapo, ukiambiwa kahawa ina uchachu utauliza: wa ndimu, wa ukwaju au wa siki? Swali hilo ndilo la mwonjaji.

Je, wajua kuna kahawa inayonuka kiazi ulaya kibichi? Kasoro hii inajulikana Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo, na huwapata majirani pia. Inahusishwa na mdudu antestia anayetoboa tunda likiwa mtini. Punje moja tu huharibu kikombe kizima, na kwa macho huwezi kuitambua kati ya wenzake. Ndiyo maana mwonjaji hutengeneza vikombe vitano vya kahawa ileile: kimoja kikinuka na vinne vikiwa safi, amepata jibu.

Je, wajua herufi AA hazisemi lolote kuhusu ladha? Ni ukubwa wa punje tu, zile zinazobaki juu ya chekecheke namba 18, yaani upana wa milimita 7 na kidogo. PB ni tunda lililozaa punje moja ya mviringo badala ya mbili bapa. Wanunuzi wa Marekani huzitafuta sana PB za Tanzania. Nimeonja PB nzuri na AA za kawaida mno, na kinyume chake.

Je, wajua Ethiopia hunywa yenyewe karibu nusu ya kahawa yake? Sisi nyingi mno tunaipakia melini. Februari 2025 nchi 25 za Afrika zinazolima kahawa zilikutana Dar es Salaam, na ajira za vijana ndizo zilizobeba kaulimbiu. Vijana watakaojua kuonja watahitajika hapahapa, wala si Moshi pekee.

Je, wajua yapo mashindano ya dunia ya kuonja, na hayahitaji maneno hata kidogo? Mshindani huwekewa vikombe vitatu, viwili vya kahawa moja na kimoja cha nyingine, akitoe kile kigeni. Anapewa mafungu manane ya namna hiyo kwa dakika nane. Nyumbani unahitaji vikombe vitatu vinavyofanana, kahawa mbili na mtu wa kukupangia ukiwa umegeuka. Anza na rahisi: robusta ya Bukoba na arabika ya Kilimanjaro. Kwa kubahatisha utapata moja katika kila tatu, kwa hiyo rudia hadi bahati iondoke kwenye hesabu. Ukiweza, weka Kilimanjaro na Mbozi. Ukiweza na hizo, tafuta kahawa mbili za Mbinga kutoka vyama viwili vya msingi, zilizokaangwa siku moja na mtu mmoja, na hapo jipe muda.